Jenereta la Shangazi na Miezi Mitatu ya Kiza



Waliokabidhiwa kazi ya kukusanya kitabu chetu cha mwaka huu wameniomba niandike historia ya jenereta. Nilipoambiwa nilicheka. Nikasema, wenzangu wanaandika nasaba, harusi na safari za wazee, mimi niandike mashine iliyovunjika? Binti yangu akanijibu: "Baba, kisa hiki husimuliwa kila tunapokutana, na kila kikisimuliwa mwenye makosa ni kijana yule yule, na yeye hajibu kitu. Wewe ulikuwepo. Andika." Nikanyamaza, kwani alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua mwenyewe.

Basi nimeandika. Nimeanzia mbali kidogo, kwa sababu kisa cha mashine hii hakieleweki mpaka mtu ajue umeme ulivyotufikia na ulivyotukimbia, huku na kule.

Taa za kwetu

Vijana waliozaliwa Muscat wanaiona taa kama hewa, ipo tu. Lakini mpaka mwaka 1970 malango ya mji wa Muscat yalikuwa yakifungwa usiku, muda wa saa tatu baada ya jua kuchwa, na mwenye haja ya kutembea baada ya hapo ilimlazimu achukue kandili mkononi. Nilipofika mimi mwaka 1974 mambo yalikwisha kubadilika. Barabara zilikuwa zinakatwa na nguzo zinasimamishwa. Hata hivyo wazee wa Matrah niliowakuta bado walikuwa na kandili zao zimetundikwa ukutani, vioo vimepanguswa, mafuta yamo, tayari.

Sisi tuliotoka Unguja tulijiona tumetangulia kwa jambo hili. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, linatajwa kuwa ndilo la kwanza Unguja kuingizwa umeme, na mjini kwetu watu walikuwa na taa za stimu tangu zama za wazee wetu. Umeme ule ulitengenezwa pale pale kisiwani, na wa rika langu wanakumbuka mashine za dizeli za Saateni. Shamba watu walibaki na koroboi, na mwenye uwezo akawasha karabai.

Mwaka 1980 mambo yaligeuka. Ulilazwa waya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, mpaka Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Tangu hapo Unguja ikawa inapata umeme wa bara, uliotoka kwenye mabwawa kama lile la Kidatu, na dizeli ikapumzishwa. Lilikuwa jambo jema. Lakini lilikuja na sharti ambalo wengi wetu hatukulifikiri: kisiwa kizima kilining'inia kwenye waya mmoja. Waya ukiumwa, kisiwa kinalala.

Uliumwa mara mbili kwa vishindo. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 21 Mei 2008, na kiza kikaendelea mpaka tarehe 18 Juni. Mara ya pili ilikuwa tarehe 10 Desemba 2009, na umeme haukurudi mpaka mwezi wa Machi 2010. Miezi mitatu. Katika kiza hiki cha pili ndipo jenereta letu lilipokufa, na ndipo lilipofufuka.

Jenereta lilivyonunuliwa

Tulilinunua Muscat, na sababu yake ilikuwa Gonu. Mtakumbuka kimbunga kile cha tarehe 5 na 6 Juni 2007. Maji yalishuka mabondeni yakachukua magari na njia, watu wapatao hamsini walipoteza maisha nchini Omani, na mitaa mingi ya mji ikakaa siku kadhaa bila ya umeme wala maji ya mfereji. Mtu aliyezoea kiyoyozi alilala juu ya dari kama walivyolala babu zake. Siku ya tatu nikaenda Ruwi nikapanga foleni, nikapata jenereta moja, karibu la mwisho dukani.

Niwaeleze lilivyo, kwani wengine wamelisikia tu. Ni jenereta dogo la kubebwa na watu wawili, limo ndani ya fremu ya mabomba ya chuma. Upande mmoja pana injini ya petroli ya silinda moja, sisi 196, nguvu za farasi sita na nusu. Upande wa pili pana dainamo, yaani sehemu inayofanya umeme. Injini huzungusha na dainamo hutoa kilowati mbili, zinazotosha friji, pampu ndogo ya kisima na taa za nyumba, ilimradi visiwashwe vyote kwa pamoja. Kwa hiyo mtu akisema "jenereta limekufa" ni lazima aulizwe, limekufa upande gani?

Tulilitumia usiku nne. Umeme wa Muscat ukarudi, nikalifuta vumbi nikaliweka gereji.

Mwaka uliofuata ndipo kiza cha kwanza kilipoiangukia Unguja. Shangazi yetu, ambaye nyote mnamjua kwa sifa ikiwa hamkumjua kwa sura, alikuwa na maradhi ya sukari, na dawa yake ya sindano ilitaka kukaa mahali pa baridi. Tukakutana nyumbani kwa kaka mkubwa, na shauri likapita bila ya ubishi: jenereta liende kwa Shangazi. Mimi nikapewa kazi ya kulitayarisha, kwani nilikuwa mtu wa karakana. Lilisafiri ndani ya kontena, pamoja na mazulia na masanduku ya nguo. Lilipofika Unguja umeme ulikwisha kurudi. Likawekwa chini ya ngazi, likafunikwa gunia, likasahauliwa.

Shikeni neno hili, "kulitayarisha." Nitalirudia.

Siku lilipokufa

Kiza cha Desemba 2009 hakikuwa kama cha kwanza. Watu walidhani ni siku mbili tatu, ikawa wiki, ikawa mwezi. Pampu za maji zilisimama, na wanawake na watoto wakaonekana alfajiri wamebeba ndoo kutafuta kisima chenye maji. Wenye hoteli na maduka walitoa majenereta yao milangoni, na vichochoro vya Mji Mkongwe vikajaa moshi na kelele mpaka watu wakazungumza kwa kupiga ukelele. Bei ya jenereta jipya ilipanda kila meli iliposhusha.

Nyumbani kwa Shangazi walikuwapo yeye, binti yake, na mjukuu wake wa kiume wa miaka kumi na sita. Kijana huyu ndiye aliyelitoa jenereta chini ya ngazi. Alinipigia simu Muscat, na mazungumzo yale nayakumbuka neno kwa neno.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwanangu. Bibi hajambo?"

"Hajambo kidogo. Mjomba, jenereta nimelitia petroli, navuta kamba, haliwaki hata kidogo. Halitaki oili?"

Nikamjibu, "Oili imo, nimeitia mwenyewe."

Akavuta tena, nikamsikia anahema. Halikuwaka. Nikamwambia: "Tazama ubavuni mwa injini, chini, utaona waya mmoja wa manjano unatoka ndani. Huo ni wa kuzima mashine oili ikipungua. Huwa unaharibika. Uchomoe."

Akauchomoa. Kamba ya pili, likawaka. Nilisikia watu wanapiga makofi, na Shangazi anashukuru kwa sauti. Nikakata simu nikiwa na furaha, nimetengeneza mashine kutoka ng'ambo ya bahari.

Halikufanya kazi hata nusu saa. Waliokuwapo wanasema liliongeza kelele, likatoa harufu ya chuma kilichoungua, kisha ukasikika mlio mmoja kama wa nyundo, na oili chache iliyobakia ikaruka ukutani. Injini ilipasuka ubavuni, tundu la kuingia vidole viwili.

Habari ilifika Muscat kabla ya usiku: mtoto amevunja jenereta. Zikapatikana riwaya tatu. Mmoja alisema alitia petroli chafu, wa pili alisema aliliendesha kwa fujo na wenzake, wa tatu akasema alichomoa waya asioujua. Zote ziliishia kwa kijana mmoja.

Tangu siku hiyo kila alfajiri kijana alikwenda kwa baskeli kutafuta barafu mjini. Aliifunga ndani ya kitambaa akaiweka kwenye bakuli ndani ya jokofu lililozimika, na dawa ya bibi yake akaiweka mbali nayo kidogo, kwani alikwisha kuuliza hospitali akaambiwa dawa ile ikiganda inaharibika kama inavyoharibika kwa joto. Siku ambazo barafu haikupatikana aliitia chupa ndani ya mtungi wa udongo uliofunikwa kitambaa cha maji, akauweka penye upepo. Alifanya hivyo kwa zaidi ya mwezi. Jambo hili halimo katika riwaya yoyote niliyoisikia kwenye mikusanyiko yetu, nami naliandika hapa lipate kuwamo.

Fundi alivyolifungua

Nilifika Unguja katikati ya Januari 2010. Siku ya pili tulilibeba jenereta, mimi na kijana, tukampelekea fundi mmoja upande wa Mwanakwerekwe, mzee mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

Fundi hakugusa spana. Kwanza alifungua kifuniko cha oili, akaingiza kitambaa cheupe, akakitoa. Kilikuwa kikavu, kina unga wa kung'aa kama fedha. Akasema, "Hii haikufa kwa uzee. Imekufa kwa kiu." Kisha akauona ule waya wa manjano unaning'inia. Akauliza, bila ya ukali, "Nani alikuambieni muuchomoe?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Julai 2008, gereji kwangu, tukilitayarisha jenereta kwa safari. Nilimwaga petroli yote, kama inavyotakiwa. Kisha, kwa kuogopa lisije likavuja juu ya mazulia, nikafungua bolti ya chini nikamwaga na oili. Niliimwaga kwa mkono wangu. Sikuandika karatasi, sikufunga hata uzi kwenye kifuniko kuwa alama. Na mashine yenyewe, ilipokataa kuwaka, ilikuwa inasema kweli: sina oili. Mimi ndiye niliyeamrisha ikatwe ulimi.

Kijana alinitazama mara moja, kisha akainamisha macho. Hakusema kitu. Alikuwa anajua vizuri nani alimwambia, lakini mimi ni mjomba wake, nimetoka safari, na nimesimama mbele ya mtu wa nje. Adabu yake ilinifunika, nami nikaacha inifunike. Nikasema, "Ndiyo mambo ya vijana." Fundi akatutazama sote wawili, akaanza kazi.

Ndani ilikuwa hivi. Konrodi, yaani mkono unaoiunganisha pistoni na kranki, ilikatika vipande vitatu. Konrodi za injini hizi ni za aluminiamu na hazina beringi kichwani, kinachozihifadhi ni oili tu. Oili ikikosekana, aluminiamu hupata moto, hujipaka juu ya chuma cha kranki, hushika, na kwa kuwa injini inazunguka mara elfu tatu kwa dakika, huvunjika na kutoboa ukuta wa injini. Silinda ilikwaruzika. Upande wa dainamo haukuwa na hata alama.

Fundi akasema, "Nusu nzima na nusu maiti. Tafuteni injini."

Nikaona hapa ndipo pa kulipa. Nikenda Darajani nikanunua injini mpya, iliyokuwa inauzwa kwa ajili ya pampu ya maji. Sisi 196, farasi sita na nusu, rangi ile ile, hata matundu ya bolti ya kufungia chini yalilingana. Niliirejesha kwa teksi kama mtu aliyeshinda mchezo. Fundi akaitazama akatikisa kichwa. Akaniwekea ncha mbili za kranki mbele yangu. Ya pampu imenyooka kama penseli, ina mfereji wa ufunguo. Ya jenereta imechongoka kama karafuu, nene huku nyembamba kule, kwa sababu dainamo huvalishwa juu yake na kubanwa kwa bolti moja ndefu inayopita katikati. Hazivaliani. Ningeliuliza kabla ya kununua ningelijua, lakini mimi nilikuwa mtu wa karakana.

Kilichotuokoa ni fikra ya fundi. Alipima safari ya pistoni katika injini zote mbili akakuta milimita 54, na kipenyo cha silinda milimita 68. Akapima beringi, sawa. Akasema, "Mtatoa kranki ya marehemu mtaitia ndani ya huyu aliye hai." Na aliposema "mtatoa" alimtazama kijana, si mimi.

Kwanza dainamo ilitolewa. Bolti ndefu ilifunguka, lakini mzunguko wake ulikuwa umekamata juu ya mchongoko. Kijana aliugonga kwa nyundo ya mti, upande huu kisha upande ule, juu ya chuma tu wala si juu ya nyaya za shaba, mpaka ukaachia. Kisha ikatoka kranki. Mahali konrodi ilipokaa palikuwa pamepakwa aluminiamu kama siagi iliyokauka. Kuisugua kwa msasa kungelikula chuma. Fundi akaagiza kostiki kidogo kwa mama mmoja jirani anayetengeneza sabuni, akairoweka na maji, akavaa glovu, akawa anapaka kwa kitambaa pale pale tu, nje penye hewa. Kostiki hula aluminiamu na huacha chuma. Ilichemka, ikatoa povu, na baada ya kupakwa mara nyingi chuma kikaonekana, laini. Akaipima: milimita 30 kasoro kidogo sana. Inafaa.

Siku mbili zilizofuata kijana alifanya kazi na fundi akawa anasema tu. Konrodi na pistoni mpya zilikuwamo ndani ya injini ya pampu. Meno ya kranki na meno ya kemshafti yana vitone, na vitone lazima vitazamane, ama sivyo valvu hufunguka wakati usio wake. Kijana alivitazamisha, akazungusha kwa mkono, akavitazama tena. Uwazi wa valvu ukapimwa kwa bati, milimita 0.15 ya kuingiza na 0.20 ya kutoa, injini ikiwa baridi. Ncha ya plagi ikaachwa milimita 0.7. Kisha fundi akampa kijana chupa ya oili, akamwambia, "Tia wewe." Injini ile inachukua sita katika kumi ya lita. Alitia, akapima kwa kijiti, akafuta, akapima tena. Halafu akachukua ule waya wa manjano akaurejesha mahali pake, na alipoubana alinitazama.

Saa ya ukutani

Tulilirudisha nyumbani, tukaliweka uani. Ndani ya nyumba halikuwekwa hata mvua iliponyesha, kwani moshi wa injini una hewa isiyo harufu inayoua watu usingizini. Kamba ya pili likawaka, kwa sauti nzuri ya kutulia. Shangazi alikuwa ameketi barazani na taa ya mezani mbele yake. Taa haikuwaka.

Nakumbuka binti yake alivyorudi ndani bila ya kusema neno.

Fundi hakushtuka. Dainamo, alisema, huanza kazi kwa sumaku kidogo inayobakia ndani ya chuma chake, na ikikaa sana au ikigongwa sumaku ile hupotea. Alizima, akachomoa kidude kinachorekebisha umeme, akagusisha nyaya za betri ya gari ya volti 12 kwenye brashi kwa muda wa kufumba na kufumbua, akarejesha kidude. Kamba tena. Taa ikawaka, na Shangazi akafunika uso kwa ukaya.

Ikabakia kazi moja. Injini ya pampu hutoka kiwandani imewekwa mbio zaidi, na umeme wetu, wa Unguja kama wa Omani, unataka mizunguko 3,000 kwa dakika, iwe hezi 50. Fundi hakuwa na kipimo cha hezi. Akauliza kama mna saa ya zamani ya umeme. Ilikuwapo, ukutani ukumbini, ya tangu zama za marehemu mumewe Shangazi, isiyo na betri. Saa za namna ile huhesabu mapigo ya umeme wenyewe: umeme ukienda mbio, na saa huenda mbio. Kijana akakaa na saa yangu ya mkono, fundi akawa anageuza skurubu. Alitaka saa ya ukutani itangulie sekunde mbili na ushei kila dakika wakati hapana kinachovuta, ili friji likiingia mbio zishuke hadi hapo panapotakiwa. Ilichukua saa nzima. Friji likaingia, likanguruma, saa ikatulia.

Jioni ile dawa ya Shangazi ilirudi frijini. Jenereta likafanya kazi saa nne kila siku, asubuhi mbili na jioni mbili, mpaka umeme wa bara uliporudi mwezi wa Machi. Halikuzima hata siku moja, na kila asubuhi kijana alipima oili kabla ya kuvuta kamba.

Baada ya hapo

Serikali nayo ilipata somo lake. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa kwa waya wake kutoka Tanga, na mwaka 2013 ukalazwa waya mpya wa Unguja, wa megawati 100, kwa msaada wa Marekani. Kisiwa hakining'inii tena kwenye waya ule mmoja wa 1980. Shangazi aliishi miaka sita baada ya kiza kile, akatutoka kwa uzee, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Jenereta bado liko, chini ya ngazi ile ile. Wanaolitunza hulisha oili mpya kila mwaka, huliwasha kila mwanzo wa mwezi robo saa, na hulizima kwa kufunga bomba la petroli mpaka kabureta ikauke. Hawaliungi kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi mbili, kwani umeme huo hupanda njiani ukamuua fundi aliye juu ya nguzo. Na juu yake pamefungwa karatasi ndani ya plastiki: tarehe, oili imo au haimo, na jina la aliyetia. Nani aliyeweka desturi hiyo? Ni yeye kijana.

Leo ana miaka thelathini na ushei, ana watoto, na mara ya mwisho tulipokutana, alipoinuka kwenda kutazama pampu iliyokuwa ikipiga kelele, mmoja wetu alimwita, "Wewe usiguse, utavunja kama ulivyovunja jenereta." Watu wakacheka. Yeye akacheka pia, akaketi. Mimi nilikuwapo, na nilicheka.

Kwa hiyo naandika kwa herufi zitakazobakia katika nyumba zetu: jenereta la Shangazi nililivunja mimi. Mimi niliimwaga oili, mimi nilisema imo, mimi nilisema waya uchomolewe. Yeye aliuliza swali ambalo lingeliiokoa mashine, nami nilimjibu kwa ukubwa wangu badala ya kumjibu kwa ninachokijua. Kisha alilitengeneza kwa mikono yake, na miaka zaidi ya kumi na tano amebeba jina lisilo lake kwa sababu ya heshima yangu.

Nimempigia simu kabla ya kupeleka maandishi haya, nikamsomea yote. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mjomba, si neno." Kisha akauliza kama oili ya mwaka huu imekwisha kununuliwa, kwani mwezi unakaribia kuandama.

Nimeshainunua. Nawatakieni kheri nyote.